Mama Anakula Nje

Marafiki zangu niliosoma nao chuo wanaishi Dar es Salaam, na kila wakikumbuka kwamba mimi naishi Kibaha hunipa pole. Hawaitamki. Huuliza kama maji yanatoka, kama mtandao unashika, na nikitaka kukutana na watu wenye akili nafanyaje. Ndugu zangu wa Chole nao hunipa pole, kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Kwao Kibaha ni mjini, na mjini ni mahali ambapo mtu anaugua peke yake na majirani wanajua kwa harufu. (Chole ninayoisema ni ya Kisarawe, ya mikorosho na mihogo, si ile ya kisiwani.) Kwa hiyo naishi mahali ambapo ni shamba kwa nusu ya watu wangu na ni jiji kwa nusu nyingine, na pole ninazopokea kutoka pande zote mbili sijawahi kuziomba.

Mimi nasema Kibaha ni mji, na raha za mji tunazo. Sikuzigundua mwenyewe. Nilikaa hapa miaka tisa nikiitazama Barabara ya Morogoro kupitia dirishani na kuandika makala kuhusu "maisha ya pembezoni mwa jiji", maneno ambayo leo nikiyasoma natafuta pa kuficha uso. Aliyezigundua ni mama yangu, akiwa na miaka sabini na kitu, na jicho moja likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa bandeji.

Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Mpango ulikuwa akae wiki tatu. Alikuja na begi la nguo na kikapu cha mihogo, kwa sababu hakuamini kwamba nyumbani kwangu kuna chakula, na katika hilo hakukosea. Mimi sijui kupika. Nina shahada mbili na ugali wangu una madonge. Mwanamume niliyekuwa nimeolewa naye, alipoulizwa na wazee kwa nini tunaachana, alitaja sababu tatu. Ugali haukuwa wa kwanza, lakini ulikuwemo.

Wiki ya kwanza nilimpikia mama, naye alikula kwa uvumilivu wa mgonjwa. Siku ya nane, bandeji ikiwa imeondolewa, alisema anatoka kunyoosha miguu. Alirudi baada ya saa mbili akinuka tangawizi. Nilipomwekea chakula cha mchana alisema ameshiba. Kesho yake akatoka tena, na keshokutwa. Siku ya nne nilimfuata kwa mbali kama mke mwenye wivu.

Nilimkuta ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha mama lishe mmoja wa kutoka Iringa, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Kuna bati, mkaa, masufuria manne na mabenchi mawili yanayotazamana, meza katikati. Anauza chapati, maharage, mihogo ya nazi, uji na chai. Mama alikuwa amekaa mwisho wa benchi, ameegemea nguzo, mbele yake sahani ya mihogo. Kushoto kwake alikaa mlinzi aliyetoka zamu, kulia kwake muuguzi aliyevaa sare, na wote watatu walikuwa wanabishana juu ya penalti. Mama yangu hajawahi kutazama mpira maishani mwake. Alichagua timu kwa kufuata rangi ya kitenge alichokuwa amevaa siku hiyo, na mpaka leo anaitetea kama alizaliwa nayo.

Wiki tatu zikawa miezi mitatu, miezi ikawa mwaka na nusu. Kila tulipozungumzia kurudi Chole, kulikuwa na sababu: jicho la pili, mvua, njia mbaya. Sikubishana. Nilikuwa nimeanza kujifunza kutoka kwake namna ya kuishi mjini.

Alipenda, kwa mfano, kuvuka barabara. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu yale malori yanayopita na makontena ya bandari kavu ya Kwala yalikuwa yanasimama ili apite. Gari la tani thelathini linakanyaga breki kwa ajili ya mwanamke wa kilo arobaini na tano. Kama dereva alisimama kwa heshima au kwa kumwogopa trafiki, mama hakujali. Alivuka polepole, na mara nyingine nilihisi anavuka bila kuwa na shida ya upande wa pili. Alipenda kununua robo ya nanasi. Huko kwetu nanasi ni zima au hakuna, na likiwa zima sharti ulimalize pamoja na watu. Alipenda mashine ya kukuna nazi, akaweza kusimama dakika kumi akiitazama inavyofanya kazi iliyomla mabega. Zaidi ya yote alipenda kwamba pale benchini hakuna aliyemwuliza ni mtoto wa nani. Chole kila mtu anajua wewe ni mke wa nani na marehemu yako alidaiwa nini. Hapa alikuwa "bibi", akitoa maoni.

Na yalisikilizwa. Yule mpishi wa Iringa alikuwa anapika maharage bila nazi. Mama alimvumilia siku tano, kisha akamwambia. Sasa maharage yana nazi na wateja wameongezeka. Mama hashiki mwiko. Anakaa mwisho wa benchi na kusema chumvi bado.

Nilifurahi sana na hali hii, na furaha ndiyo iliyoniponza.

Nilikwenda Chole kwenye arobaini ya jirani yetu. Nilipangiwa kumenya vitunguu, kazi wanayompa mtu wanayemjua. Tulikuwa wanawake kama kumi na tano uani, na mmoja akaniuliza mama anaendeleaje. Nikaona hapa ndipo pa kusifia. Niliwaeleza kila kitu: kibanda, benchi, mihogo, uji, mlinzi, muuguzi, penalti. Nilisema kila asubuhi mama anatoka mwenyewe kwenda kula, na mimi kazi yangu ni kumpa hela ya chai. Nilieleza vizuri, ndiyo kazi yangu.

Hakuna aliyecheka. Visu viliendelea kumenya. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo, kwa sababu wanawake wa Chole hawanyamazi. Nilidhani wamevutiwa.

Kwetu mwanamke mtu mzima hali chakula cha kununua. Msafiri anakula, mwanamume aliyefiwa na mke anakula, vijana wanakula kwa kuwa hawajapata akili. Lakini mwanamke mwenye jiko lake na mwenye watoto akionekana amekaa benchi anakula alichopikiwa na mtu baki, maana yake ni moja tu: hana mtu. Haikuandikwa popote. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, halafu nikasoma mpaka nikalisahau.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu mjomba, kaka mkubwa wa mama. Kwetu mjomba si ndugu wa pembeni. Neno lake juu ya dada zake na watoto wao lina uzito kuliko la baba. Ndiye aliyeamua mama atoke shule darasa la nne, ndiye aliyesema ataolewa na nani, na mara zote mama alijibu "ndiyo, kaka". Sijawahi kumsikia akimjibu vingine.

"Mama yako anakula wapi?" aliniuliza baada ya salamu.

"Anakula vizuri, mjomba."

"Sikuuliza vipi. Nimeuliza wapi."

Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba ukoo umekaa. Haiwezekani dada yake awe anazungushwa kwenye mabenchi ya watu wakati nyumba yake ipo na jiko lake lipo. Jumamosi atakuja na mama mdogo kumchukua. Nifunge mizigo yake.

Nilimwambia mama. Alikuwa anakata kucha za miguu, kazi aliyoanza kuifurahia tangu jicho lilipopona. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Waje," alisema, akahamia mguu wa pili.

Nikamwuliza yeye anataka nini. Akanitazama kama niliyemwuliza kwa lugha ya kigeni, akaendelea na kucha. Siku zile mbili sikupata zaidi ya hapo, na nilishindwa kulala kwa kuwa nilijua jibu ambalo siku zote amempa kaka yake.

Basi nikafanya lile ambalo mtu mwenye shahada mbili hufanya akibanwa. Niliamua kudanganya. Ijumaa jioni nilikwenda kwa yule mpishi nikamwomba anifundishe kupika chapati kwa usiku mmoja. Alinitazama mikono, akasema itakuwa rahisi yeye azipike na mimi niseme nimezipika. Alfajiri akanikabidhi hotpoti imejaa. Nilitandika kitambaa mezani, nikapanga vikombe, nikajipaka unga kidogo kwenye gauni. Nilijipaka kabisa. Naliandika hili ili wanafunzi wangu wa zamani wajue walifundishwa na nani.

Mama alitoka chumbani, akaona meza. Alifunua hotpoti, akanusa.

"Hizi za mwanangu wa Iringa."

"Mama, leo tule hapa. Wageni wanakuja."

"Wanakuja kuniona mimi, au wanakuja kukuona wewe?"

Akasema chapati ikifungiwa inatoa jasho, akajifunga khanga yake, akatoka kama kila siku. Nilibaki na meza yangu kama mtu aliyeandaa harusi bila bwana harusi.

Saa mbili kasoro waliingia. Walikuwa wamelala kwa ndugu Mlandizi ili wanikute kabla sijaficha ushahidi. Mjomba alivaa kanzu na koti juu yake, mama mdogo alibeba kikapu. Niliwaamkia, nikawakaribisha chai. Mjomba hakukaa. Alitazama chapati, akatazama unga kwenye gauni langu, akauliza dada yake yuko wapi. Ningeweza kusema hospitali. Ulimi ulikuwa tayari.

"Amekwenda kula," nikasema.

Tulitoka pamoja. Kwenye kivuko lori lilisimama, na mjomba, pamoja na hasira zake zote, aliinua mkono kumshukuru dereva kama jumbe anayepokea salamu. Nilimwona alivyonyoosha kanzu baada ya hapo.

Mama alikuwa mahali pake. Alituona tunakuja, asiache kutafuna. Kijana wa bodaboda aliyekuwa karibu naye akasema, "Bibi, leo umeletewa uongozi."

"Hawa ni wa kwetu," mama akamjibu. "Sogea wakae."

Kijana akasogea. Mama mdogo alikaa haraka, maana miguu ilikuwa inamwuma. Mjomba alibaki amesimama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Maliza tuondoke."

"Twende wapi?"

"Nyumbani."

"Sijamaliza," alisema mama.

Mjomba aliinama ili watu wasisikie. Benchi zima lilisikia. Hii nayo ni raha ya mji: watu wanasikia kila kitu na wote wanatazama simu zao. Alimwambia kwamba anatia aibu. Ana eka mbili za mihogo zinamwozea, halafu anakuja kununua muhogo wa watu kwenye vumbi la malori.

"Ule wa shambani haunifuati mezani, kaka. Sharti niuchimbe, niumenye, nikatafute kuni, nikune nazi, nipulize moto mpaka macho yafe. Yalishakufa. Nimefanyiwa operesheni."

"Na nyama yao unajua kachinja nani?"

"Nakula muhogo. Muhogo hauchinjwi."

Mlinzi alipaliwa na uji. Mpishi akampa maji bila kugeuza kichwa. Mama mdogo alikuwa ameshawekewa chapati, akawa anaikata vipande vidogo sana, kama kwamba vikiwa vidogo havitahesabika.

Hapo mjomba aliacha kunong'ona. Nadhani alichoka. Sauti yake haikuwa ya hasira tena, na ndipo nilipomwogopa zaidi, kwa sababu alikuwa anasema anachokiamini.

"Watu wanasema huna mtu. Nina dada mzima, ana watoto saba, na watu wananiambia mimi kwamba hana mtu."

Mama aliweka kijiko chini. Nilisubiri ile "ndiyo, kaka". Nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni mizigo yake: begi, kikapu, redio yake.

"Nimeanza kupika nina miaka tisa," alisema. "Nilimpikia mama. Nikakupikia wewe. Nikampikia mume, nikapikia watoto, nikapikia misiba ya Chole yote, hata ya watu walionitukana. Mimi nilikuwa nakula ukoko, nimesimama. Wewe uliwahi kuniona nimekaa nakula?"

Mjomba aliitazama sahani yake.

"Hapa nakaa. Huyu binti kila asubuhi ananiuliza, bibi, leo unataka nini? Siku ya kwanza nilishindwa kumjibu, kaka. Nilikuwa sijui. Nikamwambia lete chochote. Akasema, hapana, sema unachotaka." Alipangusa midomo. "Mwanamke mzee, nimeulizwa ninachotaka nikashindwa kujibu. Sasa najua. Nataka mihogo siku ya Jumamosi, na maharage Jumatatu, na sirudi."

Alilisema la mwisho kwa sauti ile ile ya mihogo, hata mjomba ikamchukua muda kulisikia. Alipolisikia, hakumgeukia yeye. Alinigeukia mimi.

"Wewe msomi. Ndiyo haya uliyosomea?"

Asubuhi ile nilikuwa nimeshajipaka unga, nimebeba chapati za mtu na kuziita zangu. Ningeweza kuomba radhi. Najua kuomba radhi kwa namna kumi na mbili, zote za kisomi. Badala yake nilikaa kwenye benchi, karibu na mama.

"Ndiyo, mjomba. Ndiyo haya."

Alitikisa kichwa, akatoa neno lake la mwisho. Nyumba ya Chole haiwezi kukaa bila moto. Mchwa wameshapanda nguzo, majirani wameshaanza kuuliza. Mama akikaa huku mwaka mwingine hatakuwa na pa kurudi, na asije akamlilia.

Mama alifungua pindo la khanga. Nilidhani anatoa hela. Alitoa ufunguo, ule mrefu wa zamani, akauweka mezani mbele ya mdogo wake.

"Binti yako yule mwenye watoto watatu, aliyebanwa kwenye chumba kimoja. Mpe awashe moto. Jiko ni la anayetaka kupika."

Hakuna aliyeugusa. Mimi nilizaliwa katika nyumba hiyo, na wenzangu sita. Siku zote nilipojisifu kuhusu mji nilikuwa najua kwamba kule nyuma kuna mlango wa kwetu unaofungwa na ufunguo ule, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku mtu atautoa bila kuniuliza. Nilitaka kusema kitu. Niliutazama mkono wa mama uliobaki wazi juu ya meza, kiganja kigumu kwa miaka ya mwiko, nikafunga mdomo. Mama mdogo aliuchukua hatimaye kwa vidole vyenye mafuta ya chapati. Alikuwa analia kidogo, na alikuwa anatafuna bado.

"Nitawaambia nini watu wa Chole?" mjomba aliuliza. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akimwuliza mama kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake.

"Waambie umenikuta nakula."

Aliondoka hivyo hivyo, bila kunywa hata maji. Mama mdogo alichelewa kidogo nyuma, akafungiwa chapati mbili kwenye gazeti, kisha akamkimbilia kwenye kivuko. Mwaka mzima baada ya hapo mjomba hakupiga simu kwangu, na Chole nikienda ninapewa vitunguu peke yangu, pembeni. Navimenya.

Benchini watu waliweka simu mifukoni mmoja mmoja. Mlinzi alianza kusema kitu kuhusu mechi ya jioni, akaona bado mapema, akaacha. Mpishi alikuja na sufuria, akasimama mbele ya mama.

"Bibi, nikuongezee?"

Mama alifikiri. Alichukua muda wake, na sote tukamsubiri, pamoja na wateja wawili waliokuwa wamesimama juani na haraka zao.

"Nusu," alisema. "Kipande cha katikati."

Nilipoinuka kumtafutia hela, alinishika gauni akanikalisha.

"Na wewe sema unachotaka," alisema. "Usiseme lete chochote."

Nikagundua kwamba sijui.